Kwa Tata Peke Yake

Kabazi,
12 Januari 2025

Mpendwa Tata Cate,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako, shosho wangu, na kutoka kwangu. Sisi tuko wazima. Shosho mguu bado unamsumbua asubuhi, lakini akishaanza kugombana na ng'ombe anausahau. Njegere tumevuna, viazi bado. Anauliza kama Sue wenu na mume wake walirudi salama kutoka fungate, na kama Anko Kiarie anameza dawa zake za presha.

Usishangae kupata karatasi. Simu nimeizima na kuifungia kwenye sanduku la shosho la nguo za kanisani. Barua hii inaletwa na Muiruri, yule anayebeba maziwa ya huku kwa lori mpaka Nakuru. Anapita karibu na kwenu kila Jumanne na Ijumaa. Ukiacha jibu kwa mama wa duka la kona, atalichukua. Si mtu wa maneno mengi. Hata hakuniuliza niko huku kwa nini.

Nadhani umeona yaliyofuata baada ya harusi ya Sue. Lewis alipopiga goti mbele ya wageni mia tatu, maikrofoni mkononi, akaniomba tuoane, nami nikasema hapana nikatoka, nilifikiri aibu itaishia hapo kwenye hema. Nilihesabu watazamaji wa video mpaka laki mbili, nikaacha. Nimeitwa majina ambayo sikujua Kiswahili kinayo. Mtu aliweka namba yangu ya simu kwenye maoni, mwingine akaweka kliniki ninayofanyia kazi, na wiki hiyo maabara yangu ilikuwa na foleni ndefu kuliko msimu wa homa. Walikuja wazima kabisa. Mmoja alinyoosha mkono wa kushoto nimtoe damu, na kwa mkono wa kulia ananirekodi.

"Dada, sema tu kwa nini ulimkataa," akaniambia. "Watu wanangoja."

Mwenye kliniki amesema nichukue likizo mpaka mambo yapoe. Hakusema ni nani atakayepima kama yamepoa.

Jambo moja, Tata. Video ile ilichukuliwa kutoka meza ya familia. Keki iko upande wa kushoto na bega la Anko Kiarie linaonekana. Wewe ulikuwa umeketi hapo. Labda ulimwona aliyekuwa na simu.

Ni mimi,
Wawira


Milimani, Nakuru
31 Januari 2025

Mwanangu Wawira,

Bwana asifiwe. Barua yako imenifurahisha na kunihuzunisha. Imenifurahisha kwa sababu tangu nistaafu ualimu sijaona mtu wa umri wako akiandika aya yenye mwanzo na mwisho. Mwambie mama asikanyage umande bila viatu. Kiarie anameza dawa kwa kulazimishwa. Sue anakusalimu. Bado ana kinyongo kidogo, maana alilipa mpiga picha wa harusi siku nzima, na video ambayo watu wametazama ni yako.

Watu wa mitandao wameharibika, Wawira. Mtu anakaa na simu yake, hana kazi, anachukua maisha ya mtoto wa wenyewe anayafanya sinema. Nimelisema hilo bila kuficha kwenye vikundi vyangu vyote vya WhatsApp. Katika kile cha maombi, chenye akina mama mia mbili na kumi na nne, nimeeleza kwa urefu shida yako, jinsi ulivyosimamishwa kazi na jinsi ulivyokonda, ili wajue cha kuombea. Wengi hawakuwa wameiona hiyo video. Niliwatumia ili waelewe.

Kuhusu nani alirekodi, siku hiyo simu zilikuwa nyingi. Tusianze kutafuta mchawi.

Lakini nikuulize kama mama, maana dada yangu, mama yako, angekuwa hai angekuuliza yeye. Kwa nini hukusema ndiyo tu, halafu ukamkatalia nyumbani? Lewis ni kijana mpole. Hata sasa hunipigia kuniuliza nimeamkaje. Kama kuna jambo, niandikie. Kwangu jambo likiingia halitoki.

Tata yako,
Cate


Kabazi,
18 Februari 2025

Mpendwa Tata,

Samahani kwa kuchelewa. Lori la Muiruri lilivunjika springi, likakaa gereji siku tisa. Ng'ombe amezaa ndume, shosho amenuna kama mtu aliyetapeliwa. Viatu havai.

Sasa nitakujibu, na hii ni ya kwako peke yako.

Lewis alikuwa anajua nilikokuwa kila saa. Mwanzo nilidhani ananipenda sana. Nikitoka kazini ananiuliza, "Samaki alikuwa mtamu?" na sijamwambia nimekula samaki. Nikimpeleka shosho hospitali ananipigia: "Mbona mmekaa hapo X-ray muda mrefu hivyo?" Siku moja nilimdanganya kwamba nimelala nyumbani, kumbe niko kwa Chepkorir, ninayefanya naye kazi, tunasukana. Akanijibu, "Mlango wa Chepkorir ni wa bluu, sivyo?"

Chepkorir ndiye aliyechukua simu yangu akaipekua. Alikuta app imefichwa, isiyo na jina. Ilikuwa inamtumia Lewis kila mahali nilipokanyaga na kila neno nililoandika, tangu Juni. Hata zile meseji nilizokuandikia wewe siku ya kumbukumbu ya mama. Alizisoma zote.

Tarehe kumi na tisa Desemba nilimwita tukanywa chai mjini, nikamwambia imeisha, na kwa nini imeisha. Hakubisha. Alilia. Aliniomba nisimwaibishe kwa watu, nami nikamwahidi. Siku tisa baadaye akachukua maikrofoni. Alidhani mbele ya simu zote zile siwezi kukataa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kutosema sababu, nilisema hapana tu. Ndiyo maana kwenye video naonekana mtu asiye na moyo.

Usimwambie mtu, Tata. Na zaidi ya yote usimwambie mtu niko wapi.

Wawira


Milimani, Nakuru
14 Machi 2025

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Hapa ni wazima na wenye shukrani. Kiarie amepunguza chumvi. Mwambie mama ndume ana faida yake.

Nina habari njema: upepo umegeuka. Watu wamejua ukweli kuhusu Lewis, na nchi nzima inakulilia. Wale wale waliokutukana sasa wanasema walijua tangu mwanzo yule kijana ana macho mabaya. Nasikia kuna waliomwagia maji machafu mlangoni pake, na mwajiri wake amemwambia achukue likizo. Ukweli una njia zake za kutoka, Wawira, tusihoji sana njia hizo.

Mwandiko wako umesifiwa mno. Kuna mhadhiri mmoja aliyesema ni mwandiko wa mtu mwaminifu. Nikajivunia, maana ni mimi niliyekufundisha kushika kalamu.

Baada ya kuombwa sana nilikubali kuzungumza kwa niaba ya familia kwenye kipindi kimoja cha mtandaoni. Nilivaa kile kitenge cha zambarau. Nilisema watu waheshimu utulivu wako.

Tata yako,
Cate


Kabazi,
30 Machi 2025

Tata,

Shosho anakusalimu. Mvua imeanza.

Mwandiko wangu umesifiwa na nani? Mimi nimekuandikia wewe barua mbili tu, na karatasi haijui kujiforward.

Jumatatu iliyopita vijana wawili walikuja na pikipiki, wameshika simu kwenye kijiti. Shosho alidhani ni maafisa wa kilimo aliokuwa akiwangoja tangu mwaka jana. Akawapeleka shambani akawaonyesha ukungu wa viazi, mtaro mmoja baada ya mwingine, na kila wakitaka kuuliza kitu anawaambia, "Ngojeni, hamjaona ule wa kule chini." Walipotoka mmoja alinikuta langoni.

"Dada, tumekupata," akasema, "lakini huyu mathe mzee amemaliza betri."

Nikamwuliza walijuaje niko hapa. Kwa ile chaji kidogo iliyobaki alinionyesha barua. Yangu. Imepigwa picha juu ya kitambaa cha meza chenye maua ya manjano, na juu kabisa, kwa ule mwandiko wa mtu mwaminifu, imeandikwa Kabazi. Sijui ni meza ya nani. Vitambaa kama hivyo viko vingi.

Alhamisi akaja Lewis.

Nilikuwa natoka kuteka maji. Alisimama langoni, simu juu, akiongea na watu wasiokuwepo. "Ndio huyu, jamani. Muulizeni kama nilimgusa hata siku moja." Nilibaki nimeshika ndoo kama niliyetumwa kuishika. Shosho alitoka na fimbo yake.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Shosho, nataka tu aseme ukweli. Watu wananitafuta kwa sababu yake."

"Nimekuuliza wewe ni mtoto wa nani."

"Wa Gachanja. Wa Njoro."

"Basi sema hapo kwenye simu: mimi mtoto wa Gachanja wa Njoro nimekuja kwa mwanamke mzee nikapiga kelele langoni bila kumsalimu."

Alirudi nyuma mpaka barabarani. Lakini hakwenda zake. Alikaa juu ya pikipiki ng'ambo ya barabara mpaka Muiruri alipokuja kuchukua maziwa akamwuliza kama anangoja lifti. Ijumaa akarudi. Jumamosi akarudi. Haingii, hasemi, anainua simu tu.

Nilienda kituo cha polisi. Afisa wa zamu aliniangalia, akasema, "Si ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Aliandika vizuri, sikatai. Kisha akasema Lewis ameshaulizwa kwa simu, na anadai hiyo app niliiweka mwenyewe ili ajue niko salama. Chepkorir aliiona, lakini hakuona aliyeiweka. Afisa anataka mtu anayejua. Nikamwambia nitauliza familia.

Nauliza.

Wawira


Milimani, Nakuru
9 Mei 2025

Wawira mwanangu,

Salamu. Nisamehe kwa kimya. Nimekuwa mgonjwa, ingawa si ugonjwa wa hospitali.

Mwezi uliopita nilimtumia rafiki yangu ujumbe wa sauti kuhusu mke wa mchungaji na wigi lake. Ni rafiki wa miaka thelathini. Yalikuwa maneno ya jikoni, ya kuchekwa na watu wawili yakaisha. Sijui alimtumia nani. Kufika Jumapili kanisa zima lilikuwa limesikia, na kufika Jumatano vijana walikuwa wameyatia muziki. Wamenitia muziki, Wawira. Wasichana wa shule wanacheza densi kwa sauti yangu. Nikienda sokoni, mwenye nyanya ananiambia, "Hilo wigi limekaa kuliko ndoa yenyewe," maneno yangu mwenyewe, kisha ananiongezea nyanya mbili. Wamenitoa kwenye kikundi cha maombi nilichokianzisha mimi. Kiarie huenda kuchekea bafuni, akidhani simsikii.

Mtu anasema neno kwa mtu mmoja, kwa kumwamini, halafu linapelekwa kwa watu asiowajua. Hivi watu hawajui maana ya faragha? Wiki tatu sasa sitoki ndani ila kwenda sokoni. Nilitaka kukuuliza wewe unawezaje kuishi na kitu kama hiki.

Nilimwona Lewis langoni kwa mama. Nilimwona kwenye simu, pamoja na watu wengine elfu nane.

Cate


Kabazi,
20 Mei 2025

Mpendwa Tata,

Pole. Nasema pole ya kweli, kwa sababu najua ilivyo mtu asiyekujua anapokutabasamia.

Umeniuliza nawezaje. Siku za kwanza huwezi. Mimi nililima mpaka viganja vikachubuka. Halafu nikagundua kwamba shosho hajaona video na ng'ombe hajaona video, nikaanza na hao wawili.

Sasa nikuambie kitu ambacho nimengoja miezi mitano ukiseme wewe. Kwenye video, kabla sijajibu, kuna sauti karibu kabisa na simu inayosema, "Sema ndiyo, mama, usituaibishe." Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kila likizo nilipokuja kwenu, tangu nina miaka saba. Niliijua siku ya kwanza. Na kitambaa cha maua ya manjano nilikifua mimi Agosti iliyopita, nikakianika kwenye ua wenu.

Sikukuandikia barua ya kwanza kwa kukosa mtu mwingine wa kumwandikia. Nilitaka kukupa nafasi.

Lewis bado anakuja, mara moja au mbili kwa wiki. Shosho ameanza kufunga lango kwa mnyororo mchana, na hajawahi kulifunga tangu tupate shamba hili. Kama kuna unachojua kuhusu yeye na simu yangu, nisaidie. Kama hakuna, niandikie hakuna.

Wawira


Milimani, Nakuru
3 Juni 2025

Wawira,

Leo sitaanza na habari za mguu wa mama.

Ni mimi niliyerekodi. Lewis alikuja hapa siku chache kabla ya harusi, akasema anataka kukushtua kwa furaha. Hakuniambia mmeachana. Nilimkubalia, na maikrofoni nilimpa kwa mkono wangu. Video niliituma kwa kikundi cha familia, watu kumi na tisa. Nilikuwa nimekukasirikia. Nilidhani watu kumi na tisa ni watu kumi na tisa.

Barua pia ni mimi. Nilipoisoma nilitaka wale akina mama wote waone ulivyoonewa. Hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilitaka kuwa mtu anayejua. Ulipoandika usimwambie mtu, nilikuwa tayari nimeshikilia simu juu ya karatasi.

La tatu ndilo lililonifunga mdomo. Mwezi wa Oktoba, hapa sebuleni kwangu, Lewis alinionyesha ramani kwenye simu yake, na kitone chekundu kinatembea. Akaniambia, "Tata, huyo ni Wawira, anatoka kazini." Nikamwuliza aliwezaje. Akasema alichukua simu yako ukiwa unaoga, akaiweka app, na wewe hujui. Sikushtuka. Nilimwambia una bahati kupendwa hivyo, Kiarie hajui hata nikiwa jikoni. Nikacheka. Mtoto wa dada yangu alikuwa kitone, nami nikacheka.

Ijumaa nitakuja na Muiruri. Nitayasema hayo kituoni, kwa jina langu, na niyatie sahihi. Usiponitaka nyumbani nitalala Subukia.

Cate


Kabazi,
28 Septemba 2025

Mpendwa Tata,

Salamu. Shosho bado anasimulia jinsi ulivyoshuka kwenye lori la maziwa na mkoba wa kanisani, katikati ya mitungi. Mnyororo wa lango ameutoa. Anautumia kumfungia ndume.

Najua Anko Kiarie alikuwa mahakamani Agosti, lakini nikuandikie mwenyewe. Lewis alisomewa mashtaka akakana. Yuko nje kwa dhamana, na ameamriwa asinikaribie wala asitaje jina langu popote. Wapelelezi walipofungua simu yake walikuta kitone kingine, msichana wa Mai Mahiu, ambaye alijua anafuatwa siku aliyopigiwa simu na polisi. Kesi itasikizwa Januari. Kwenye mitandao, nasikia, sasa mimi ndiye ninayeharibu maisha ya kijana. Nasikia kwa Muiruri, naye huniambia nusu.

Mwenye kliniki amenitafuta kupitia kwa chifu. Anataka nirudi, maana tangu niondoke wagonjwa wamepungua, hata wale wazima. Nimemshukuru nikakataa. Nimepata kazi ya maabara kwenye zahanati ya hapa. Wiki ya kwanza mzee mmoja alinikodolea macho dirishani mpaka nikaangusha kalamu.

"Wewe nakujua," akasema.

Nikangoja.

"Si wewe ni mjukuu wa yule mama wa viazi?"

Nilikwenda nyuma ya mlango nikalia kidogo, halafu nikampima sukari.

Tata, siwezi kusema nimesahau. Siku ile kituoni, ulipofika kwenye habari ya kitone, ulinyamaza. Afisa akakuuliza kama unataka maji. Ukasema hapana, andika. Hilo nalikumbuka. Mengine bado yananiuma, na usiniharakishe. Nimenunua simu ndogo ya kabambe, isiyo na mtandao. Namba yangu wanayo watu wanane. Wewe hujawa mmoja wao. Barua nazipenda, endelea kuandika.

Wawira


Milimani, Nakuru
17 Oktoba 2025

Mpendwa Wawira,

Nimepokea barua yako. Niliisomea jikoni nikairudisha kwenye bahasha. Kiarie aliniuliza umeandika nini, nikamwambia uko mzima na mama yuko mzima. Alingoja niendelee. Nikachukua sufuria nikaanza kuosha.

Kanisani pia wananiuliza, kwa sababu wengine wameanza kunisalimu tena. Nawaambia hivyo hivyo, mzima. Naona wanavyosimama wakingoja, kisha wanaaga. Sikujua mazungumzo yanaweza kuwa mafupi namna hiyo. Kurudi nyumbani natembea nikiwa na maneno mengi, na sina pa kuyaweka.

Kuhusu namba, nimesoma. Nitaandika.

Hapa kwetu kuna jambo kubwa limetokea wiki hii. Ni la furaha, usiogope. Nilikuwa nimekuandikia ukurasa mzima, mbele na nyuma, ndipo nikakumbuka kwamba ni jambo la Sue. Nikampigia nikamwuliza kama naweza kukueleza. Amesema bado.

Kwa hivyo ule ukurasa nimeuchana, na nakujulisha tu kwamba Milimani mvua imenyesha vizuri.

Tata yako,
Cate